Gunia lina cheti, mwenye gunia aliyetibiwa saratani hana

GUNIA la mchele linalotoka Kahama kwenda Kigali kupitia Rusumo huwa na karatasi zake. Kama mzigo wote hauzidi dola 2,000 za Marekani na bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa, mfanyabiashara mdogo anapata cheti rahisi cha uasilia palepale mpakani, na afisa wa upande wa pili anakisoma na kukielewa bila kumpigia mtu simu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikaa, zikabishana, zikakubaliana karatasi hiyo iweje.

Mwenye gunia hilo, kama ni mwanamke aliyetibiwa saratani mwaka juzi na kutolewa mifuko ya mayai akiwa na miaka 38, hana karatasi ya namna hiyo. Ana kadi ya kliniki yenye tarehe ya kurudi, ana kovu la upasuaji, na ana mwili ulioruka miaka kumi na zaidi kwa usiku mmoja. Akiugua Kigali, Goma au Kampala, daktari wa huko anaanza na ukurasa mtupu.

Kwa kawaida hedhi hukoma mwanamke akiwa na miaka ya karibu 50, na mwili hujiandaa taratibu. Hedhi inaruka mwezi, inarudi, inapungua, kisha inaondoka. Anayetolewa mifuko yote miwili ya mayai hapewi nafasi hiyo. Homoni ya estrojeni hushuka ndani ya siku chache, na anaweza kuanza kuamka usiku shuka limelowa jasho kabla hata kidonda hakijakauka. Mionzi ya nyonga kwa mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi hufanya kazi ileile bila kisu: mifuko ya mayai inabaki mahali pake, lakini imezimwa. Madaktari huhesabu kukoma hedhi kabla ya miaka 45 kuwa ni mapema, na kabla ya miaka 40 kuwa ni mapema mno.

Katika nchi nyingi za ukanda huu, saratani zinazoongoza kwa wanawake ni hizo mbili, ya mlango wa kizazi na ya matiti. Tena ya matiti huku huwakuta wengi wakiwa bado vijana, hedhi haijakoma, watoto wadogo, biashara ndiyo kwanza imeshika kasi.

Aina nyingi za saratani ya matiti hulishwa na estrojeni. Daktari wa Uskochi, George Beatson, aliandika mwaka 1896 jinsi uvimbe wa titi wa mgonjwa wake ulivyonywea baada ya kumtoa mifuko ya mayai, miaka mingi kabla estrojeni yenyewe haijapewa jina. Leo zipo sindano za kuizima mifuko hiyo bila upasuaji, lakini hutakiwa kila mwezi au kila miezi mitatu, kwa miaka, na bei yake si ya mtu anayezungusha mtaji wa mafungu ya nyanya. Upasuaji unalipwa mara moja. Kwa mwanamke asiye na uhakika wa kupata sindano ya mwezi ujao, uamuzi wa daktari kuitoa mifuko hiyo ni wa busara, na wapo wengi ambao uhai wao leo umetokana nao.

Mwanamke huyo hawezi kurudishiwa homoni kwa mlango wa nyuma. Hilo lilishajaribiwa. Nchini Sweden na kwa majirani zake ulifanyika utafiti uliojulikana kwa jina la HABITS, ambapo wanawake waliowahi kuugua saratani ya matiti walipewa homoni ili kupunguza adha za kukoma hedhi. Ulisimamishwa Desemba 2003, kabla ya muda wake, kwa sababu saratani ilikuwa inarudi zaidi kwa waliopewa homoni kuliko kwa wasiopewa.

Kwa hiyo daktari anaposema “usitumie homoni kabisa”, anasema kweli. Lawama ni kwamba mara nyingi maelezo huishia hapo. Mgonjwa anaambiwa asichopaswa kutumia, haambiwi cha kutumia. Anaambiwa ashukuru kupona, na anashukuru, halafu anarudi sokoni na joto lake.

Joto lenyewe si la kuchekwa. Huanzia kifuani, likapanda shingoni na usoni, moyo ukaenda mbio, kisha jasho. Dakika chache baadaye anahisi baridi. Linaweza kuja mara nyingi kwa siku, na usiku humwamsha, hivyo kesho yake anahesabu fedha za nchi tatu kichwa kikiwa kizito. Atakayewahi kubadilisha shilingi ya Uganda kwa shilingi ya Kenya kwenye foleni ya Busia akiwa hajalala siku mbili anajua hasara inavyoanza. Mbele ya afisa wa forodha, mwanamke anayetokwa jasho ghafla anaonekana kama anaficha kitu. Mbele ya afisa wa afya mwenye kipimajoto, wakati wa tahadhari ya ebola au mpox, anaonekana mgonjwa wa kutengwa. Yote mawili anapaswa kujieleza mbele za watu, tena kuhusu sehemu za mwili ambazo hazitajwi mbele za watu.

Kabla ya kuzungumzia dawa, kuna swali moja linalotakiwa kuulizwa, nalo ni saratani ilikuwa ya aina gani hasa. Katazo la homoni haliwahusu wote. Mwenye saratani ya matiti inayolishwa na estrojeni, huyo limemhusu moja kwa moja. Lakini aina iliyo ya kawaida zaidi ya saratani ya mlango wa kizazi, ile inayoanzia kwenye ngozi ya nje ya mlango huo, hailishwi na estrojeni, na mwanamke kijana aliyetibiwa aina hiyo kwa kawaida anaweza kupewa homoni chini ya uangalizi wa daktari, kwa faida ya mifupa na moyo wake. Saratani ya mifuko ya mayai na ya mfuko wa uzazi nazo zina aina nyingi, nyingine zinaruhusu, nyingine hapana. Anayejua jibu ni yule aliyesoma majibu ya kinyama.

Na majibu ya kinyama mara nyingi yamebaki kwenye faili, hospitalini, nchi nyingine. Matokeo yake yanakwenda pande mbili, na zote ni mbaya. Yupo mwanamke aliyepaswa kunyimwa homoni lakini muuzaji wa duka la dawa mpakani, kwa kutojua historia yake, akampa vidonge vya uzazi wa mpango “virudishe hedhi”. Vidonge vingi vya namna hiyo vina estrojeni. Na yupo aliyeweza kusaidiwa na homoni lakini amekaa miaka mitano anateseka kwa sababu kila daktari mpya akisikia neno saratani anaogopa kuandika. Karatasi moja ingewatofautisha hao wawili.

Tuchukulie sasa yule ambaye homoni kwake ni mwiko. Dawa zipo, na nyingi si mpya wala si za kifahari. Zilitengenezwa kwa maradhi mengine, ikaja kugundulika kwamba zinapunguza joto. Venlafaxine ni dawa ya sonona, lakini kwa dozi ndogo hupunguza joto la ghafla. Gabapentin ni ya kifafa na maumivu ya mishipa ya fahamu. Ikinywewa usiku humsaidia pia anayekosa usingizi kwa jasho, ingawa huleta kizunguzungu mwanzoni. Oxybutynin ni ya kibofu, hukausha mdomo. Clonidine ni ya shinikizo la damu, na nguvu yake kwa joto ni ndogo kuliko hizo nyingine. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha fezolinetant, iliyotengenezwa kwa ajili ya joto lenyewe na isiyo na homoni ndani yake, lakini inahitaji kupimwa ini mara kwa mara na bei yake haijawa ya huku.

Katika orodha hiyo mna mtego ambao kila mgonjwa wa saratani ya matiti anapaswa kuujua. Mojawapo ya dawa za sonona zinazopatikana katika vituo vya afya ni fluoxetine, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Fluoxetine, pamoja na ndugu yake paroxetine, huzuia ini kuigeuza tamoxifen kuwa katika hali inayofanya kazi. Mwanamke anayemeza tamoxifen kuzuia saratani isirudi, akapewa fluoxetine kwa ajili ya joto au huzuni, anaweza kuwa anapunguza nguvu ya dawa inayomlinda bila yeye wala aliyempa kujua. Venlafaxine haina tatizo hilo kwa kiwango hicho. Daktari aliyemwandikia tamoxifen Dar es Salaam analijua hili. Tabibu wa zahanati ya mpakani, aliyeona mwanamke analia na hana karatasi, hawezi kulijua.

Kuna na jambo la mfanyabiashara peke yake. Venlafaxine haiachwi ghafla. Aliyesahau vidonge nyumbani Arusha akakwama Namanga siku tatu kwa sababu mfumo wa forodha umelala, ataona kizunguzungu, kichefuchefu na hisia za kama kupigwa shoti kichwani. Anaweza kudhani saratani imeingia kwenye ubongo. Haijaingia, ni dawa imekatika. Anayesafiri abebe ya siku za ziada, ndani ya pakiti yake halisi na karatasi ya daktari. Vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti vinaleta maswali kwa afisa yeyote, na afisa huyo atakuwa na haki ya kuuliza.

Jambo jingine ni jina la dawa. Wapo wanawake waliosoma kwenye boksi kwamba ni dawa ya sonona, wakaitupa, wakisema wamepewa dawa ya wagonjwa wa akili. Dakika mbili za maelezo zingetosha. Muuza vitenge hutumia muda mrefu zaidi ya huo kumweleza mteja tofauti ya nta ya Uholanzi na ya China.

Kuhusu vitambaa, maana wenye kuvifahamu ndio wanaosoma, nguo ya pamba na feni havitibu joto la ghafla, utafiti haujaonyesha hivyo. Lakini havidhuru, na mwanamke aliyelala gesti ya mpakani isiyo na dirisha anajua tofauti ya shuka la pamba na la poliesta bila kusubiri utafiti.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika kwenye biashara yenyewe. Virutubisho vya “kusawazisha homoni za akina mama” vinavuka mipaka kila siku, vingine kwenye mikoba ya wasomaji wa ukurasa huu. Vinauzwa kwa bei ya juu, na muuzaji hufanya hivyo kwa nia njema mara nyingi, maana naye alielezwa hivyo kwenye semina. Vidonge vya dondoo za soya, unga wa mizizi, vidonge vya kuongeza maumbile: baadhi ya hivi vina viambata vya mimea vinavyofanya kazi mwilini kwa namna inayofanana na estrojeni. Soya ya kula, uji wa lishe au maziwa yake, ni chakula na hakuna sababu ya kuiogopa. Dondoo iliyokolezwa ndani ya kopo lisilosema kilichomo ni suala jingine. Ushahidi kwamba bidhaa hizi zinatuliza joto ni hafifu. Muuzaji anayemuuzia mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya matiti bila kuuliza anauza kitu asichokijua kwa mtu asiyemjua. Hata mfanyabiashara wa nyanya huuliza mteja zinakwenda wapi kabla ya kuchagua zilizoiva au mbichi.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba mazungumzo nayo ni tiba. Watafiti wa London walichapisha mwaka 2012 matokeo ya utafiti wa MENOS 1, uliowakusanya wanawake waliotibiwa saratani ya matiti katika vikundi, dakika 90 kwa wiki, kwa wiki sita. Walifundishwa jinsi ya kupumua taratibu joto linapoanza, jinsi ya kupanga usingizi, na jinsi ya kuyahoji mawazo kama “kila mtu ananitazama” au “nimeshakuwa kizee”. Idadi ya majoto haikupungua sana kuliko kwa wenzao, lakini kiasi cha kusumbuliwa nayo kilipungua, na walilala vizuri zaidi.

Dakika 90 kwa wiki, kwenye kikundi. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani anakijua kikundi cha namna hiyo: ni kikoba. Hukutana siku ileile, huweka hisa, hukopeshana, huzikana. Wanachama wanajuana mpaka madeni. Kinachokosekana ni muuguzi mmoja aliyefunzwa, wa kukaa nao wiki sita. Hata kama kikoba kizima kina wanawake wawili tu waliotibiwa saratani, wengine wanaelekea miaka 50 na joto lao linakuja. Nchi zinazolia kwamba hazina fedha za dawa mpya zina maelfu ya vikundi vilivyokwisha kuundwa na kuaminiana, na mpaka sasa wanaovitumia zaidi ni wanasiasa wakati wa kampeni.

Joto hata hivyo ni sehemu inayoonekana. Mifupa haionekani. Estrojeni ikiondoka, mifupa hupoteza uimara wake kwa kasi, hasa miaka ya mwanzo, na mwenye kuanza safari hiyo akiwa na miaka 38 atafika 60 akiwa ameitembea miaka 22. Dawa za kupunguza estrojeni zaidi baada ya upasuaji, kama anastrozole na letrozole, huongeza upungufu huo na huleta maumivu ya viungo. Mwanamke anayeinama na kunyanyua gunia la kilo 50 peke yake, kwa sababu mchukuzi wa kigari ameomba fedha nyingi, anaweza kuvunja pingili ya mgongo na kudhani ni mgongo wa uchovu. Kutembea na mzigo wa wastani ni kuzuri, mifupa hupenda kazi. Kuinama na kunyanyua kwa mgongo ndiko kubaya. Fedha ya mchukuzi kwake iingizwe kwenye hesabu ya dawa.

Kwenye chakula, wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa wanasafirisha jibu bila kulijua. Dagaa wa Mwanza na Musoma wanaokwenda Kenya, Rwanda na Kongo huliwa na mifupa yao, na ndani ya mifupa hiyo kuna kalisi. Mwili wa mwanamke aliyekoma hedhi unahitaji kalisi ya miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, na vitamini D ya kuiingiza mwilini. Dagaa, maziwa na mtindi vinafanya sehemu kubwa ya kazi. Zaidi ya hapo kuna vipimo vya uimara wa mifupa, ambavyo viko katika miji michache, na dawa kama alendronate ya kila wiki. Hiyo humezwa asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha mtu asilale wala kula kwa nusu saa. Anayeimeza kwenye basi la alfajiri na kujilaza kwenye kiti atachoma koo lake.

Moyo nao hupoteza kinga mapema. Shinikizo la damu, sukari na mafuta kwenye damu vinapaswa kupimwa kila mwaka kwa mwanamke huyu, hata akiwa na miaka 40 na anajiona mzima. Vituo vya pamoja vya huduma mpakani, kuanzia Busia hadi Mutukula, vina dawati la afya. Dawati hilo huangalia kadi ya homa ya manjano na joto la mwili, yaani kile ambacho msafiri anaweza kumwambukiza mwenzake. Mashine ya kupima shinikizo la damu ni bei ya mifuko michache ya saruji. Haihitaji mkutano wa wakuu wa nchi.

Lililobaki ni la chumbani, na ndilo linalovunja nyumba. Estrojeni ikiondoka, uke hukauka na ngozi yake huwa nyembamba. Tendo la ndoa linauma, maambukizi ya njia ya mkojo yanakuwa ya mara kwa mara. Baada ya mionzi ya nyonga hali huwa kali zaidi, kwa sababu uke unaweza kusinyaa, na hospitali inapaswa kumpa mgonjwa kifaa cha kuutanua na kumfundisha kukitumia. Mume anayeona mke anamkwepa hufikiri mambo mawili, ama kuna mwanamume upande wa pili wa mpaka, ama mke “ameisha”. Wanawake wanaolala nje kwa ajili ya biashara wanaishi na tuhuma hiyo hata wakiwa wazima. Ugonjwa unaiongezea mafuta.

Vilainishi vya maji vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa husaidia wakati wa tendo, na vipo vingine vya kupaka mara mbili au tatu kwa wiki kuhifadhi unyevu, na hakuna homoni ndani yake. Wanaotumia mafuta ya nazi wajue kwamba mafuta huharibu kondomu za mpira. Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, hata ya kiwango kidogo, aliyeugua saratani ya matiti asiinunue kwa ushauri wa jirani. Hiyo ni ya kujadiliwa na daktari wa saratani, hasa kama anameza anastrozole au letrozole. Na mume aitwe kliniki. Wauguzi wengi wanasema wanaume hawaji. Wangapi wamealikwa kwa jina, kwa barua, kama wanavyoalikwa kulipa bili?

Mengine yalipaswa kusemwa kabla ya kisu. Mwanamke kijana mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyogunduliwa mapema mara nyingi anaweza kuachiwa mifuko ya mayai mfuko wa uzazi unapotolewa, na anayekwenda kwenye mionzi anaweza wakati mwingine kuhamishiwa mifuko hiyo juu, nje ya njia ya miale. Haiwezekani kwa kila mtu. Lakini swali “lazima itolewe yote miwili?” ni haki ya mgonjwa, na jibu lake liandikwe kwenye faili kabla hajatia saini.

Hapa ndipo mpaka unaporudi. Wagonjwa wa saratani Afrika Mashariki wamekuwa wakivuka mipaka kwa miaka mingi, na serikali zinajua. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale Mulago, ilipoharibika, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu Waganda 400 bila malipo; mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Kituo cha saratani cha Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kilifunguliwa mwaka 2012 bila mashine ya mionzi, na wagonjwa wake waliohitaji tiba hiyo walipelekwa nchi jirani kabla Kigali haijapata mashine yake mwaka 2019. Taasisi ya Saratani ya Uganda imeteuliwa na Jumuiya kuwa kituo cha umahiri cha saratani kwa nchi wanachama. Kwenda kutibiwa ng'ambo ya mpaka kumepangwa, kumefadhiliwa, kumezinduliwa kwa utepe. Kurudi nyumbani hakukupangwa na mtu.

Kifungu cha 118 cha Mkataba wa Jumuiya kinazitaka nchi wanachama kushirikiana katika afya, na kuanzia mwaka 2012 zimekuwa na mpango wa kuoanisha usajili wa dawa, ili kidonge kilichokaguliwa nchi moja kisianze upya nchi ya pili. Kama kidonge kimepewa heshima hiyo, aliyekimeza naye anastahili. Inahitajika karatasi ya ukurasa mmoja, ya muundo mmoja, kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza au Kifaransa: saratani ya aina gani, majibu ya kinyama, kilichotolewa na tarehe yake, mionzi ilipigwa wapi, dawa anazotumia, homoni zinaruhusiwa au la na kwa nini, dawa zisizochanganywa na anazotumia, kipimo cha mifupa kirudiwe lini, na namba ya simu ya kitengo kilichomtibu. Daktari anaijaza kwa dakika kumi siku ya kumruhusu mgonjwa.

Watakaosema kwamba siri ya mgonjwa itavuja wana hoja. Karatasi hiyo iwe mali ya mgonjwa, aibebe yeye, aionyeshe anapotaka na kwa anayemtaka. Hakuna haja ya kuiweka kwenye mfumo wowote wa mpakani, na afisa forodha hana kazi nayo. Wafanyabiashara wanajua kutunza karatasi. Wengi wana stakabadhi za miaka mitano ndani ya mfuko wa nailoni, zimekunjwa vizuri kuliko faili za hospitali.

Vyama vya wanawake wafanyabiashara mipakani vilidai cheti rahisi cha bidhaa mpaka kikapatikana, na vinaalikwa kwenye vikao ambavyo mawaziri wa biashara hukaa. Hili la sasa ni la mawaziri wa afya, ambao hukutana kwenye ukumbi mwingine, mara nyingi mjini Arusha. Mpaka muundo huo upatikane, mwenye tarehe ya kliniki mwezi huu anaweza kuomba nakala ya majibu ya kinyama na muhtasari wa matibabu yake ulioandikwa na kupigwa muhuri, na kumwomba daktari aandike kwa maneno mstari mmoja kuhusu homoni: ndiyo, hapana, au ni kwa masharti gani. Avipige picha kwa simu, na karatasi yenyewe aiweke pamoja na pasipoti.